Kazi ya serikali ya jimbo: gavana anaanzia wapi na anaishia wapi?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Niko Moline, Illinois, huu mwaka wa tatu. Kwetu ni Bukavu. Niliomba kazi katika Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo, ile ya kupokea maombi ya familia zinazohitaji msaada wa chakula na matibabu, na nimeitwa kwenye usaili. Ndugu mmoja wa kanisani ananiambia bila mtu wa chama cha gavana sipati kitu. Anataka nichange dola 100 kwenye kampeni, halafu nimwombe mbunge wa eneo letu aniandikie barua. Anasema kila gavana akiingia huhubiri mageuzi, kisha hujaza watu wake. Je, kisheria gavana anaweza kuchagua nani aajiriwe hadi ngazi yangu ya chini? Kazi ya siasa na kazi ya kawaida zinatenganishwa vipi? (Mama wa watoto wanne, Moline)

JIBU: Mama, kabla ya yote, hiyo dola 100 usiitoe. Kama grini kadi yako haijatoka, sheria ya shirikisho inakukataza kuchangia uchaguzi wowote nchini Marekani, uwe wa rais, wa gavana au wa diwani. Mkimbizi ambaye hajapata ukaazi wa kudumu anahesabiwa mgeni katika sheria hiyo, hata kama ana kibali cha kazi na analipa kodi kila wiki. Na hata ukiwa na grini kadi, kumchangia mgombea kwa kuwa unampenda ni haki yako, lakini kuchanga ili upewe kazi ni jambo jingine kabisa. Sheria ya maadili ya Illinois inamkataza mtumishi wa serikali au mgombea kuahidi ajira ya jimbo kwa kubadilishana na mchango. Nimeanza na hili kwa sababu tumelelewa na msemo wa mkono mtupu haulambwi, na nimeona watu wema wakijiponza nao ugenini.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Gavana wa Illinois ana vyeo vya kugawa, tena vikubwa. Katiba ya jimbo ya 1970 inampa uwezo wa kupendekeza wakurugenzi wa idara na wajumbe wa bodi na tume nyingi, kisha majina yanapelekwa Seneti. Seneti ina viti 59, kwa hiyo jina linahitaji kura 30. Kuna kifungu ambacho wengi hukisahau: jina likikaa siku 60 za vikao bila Seneti kuamua, linahesabiwa limekubaliwa. Zinahesabiwa siku ambazo Seneti imekaa, wala si siku za kalenda, kwa hiyo 60 hizo huweza kula miezi mingi, na mteule huku yuko ofisini anakaimu. Aliyekataliwa, Seneti isipoomba yenyewe, hawezi kurudishwa kwa cheo kile kile katika kikao hicho, wala kupenyezwa Seneti ikiwa mapumzikoni.

Kwenye ngazi hiyo gavana anaruhusiwa kuchagua mwanachama wa chama chake au rafiki wa kampeni, mradi awe na sifa zinazotakiwa na sheria na Seneti iridhie. Binafsi sioni ubaya. Wananchi walimchagua atekeleze ilani yake, na hawezi kuitekeleza akiwa na mkurugenzi anayeipinga chini kwa chini. Uteuzi wa namna hiyo unafanyika hadharani, kwa kura inayoandikwa. Kinachoniuma ni uteuzi unaofanyika kwa vimemo, kwenye kazi kama yako.

Mstari unaouulizia ulichorwa na Mahakama ya Juu ya Marekani kwa hatua. Mwaka 1976, katika kesi iliyoanzia ofisi ya sherifu wa Kaunti ya Cook, Chicago, mahakama ilisema mtumishi wa kawaida hafukuzwi kwa kuwa si wa chama kilichoshinda. Mwaka 1980, katika kesi ya mawakili wa umma wa New York, kipimo kikawekwa vizuri zaidi: je, kuwa mfuasi wa chama fulani ni sifa ya lazima ili kazi hiyo ifanyike vizuri? Cheo na mshahara havikupi jibu. Majaji walitoa mfano ninaoupenda sana. Kocha wa timu ya mpira ya chuo kikuu cha serikali anapanga sera za timu yake, anaamua mambo makubwa, lakini nani atadai kwamba Warepublikan wanafundisha mpira vizuri kuliko Wademokrati? Msaidizi anayemwandikia gavana hotuba, au anayemsemea kwa waandishi wa habari, huyo ni haki gavana amtake mwenye msimamo wake.

Kesi hizo zilihusu kufukuza. Kuajiri, kuhamisha na kupandisha cheo kulibaki bila jibu, na Illinois ndiyo iliyolileta. Tarehe 12 Novemba 1980 Gavana James Thompson, Mrepublikan, alisitisha ajira zote chini yake, nafasi kama 60,000 hivi. Kwa nje ilikuwa amri ya kubana matumizi, aina ya mageuzi ambayo kila mlipa kodi huipigia makofi. Lakini amri iliacha mlango mmoja: nafasi ingejazwa kwa ruhusa ya ofisi ya gavana, na kila mwaka nafasi zaidi ya 5,000 zilikuwa zinafunguka. Watumishi na waombaji watano walikwenda mahakamani wakidai kwamba ofisi hiyo ilikuwa inatazama kama mtu amepiga kura za mchujo za Republikan, kama amekichangia chama, kama ameahidi kukifanyia kazi, na kama viongozi wa chama wa eneo lake wanamuunga mkono. Cynthia Rutan, mshauri wa kuwasaidia watu wenye ulemavu kurudi kazini, alisema alinyimwa vyeo kwa sababu hiyo. Mwenzake mmoja alikuwa dereva wa mitambo ya barabara aliyetaka kuwa msimamizi. Mwingine aliomba kazi ya askari magereza.

Tarehe 21 Juni 1990, kwa majaji 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema yaliyodaiwa, kama ni kweli, yanavunja katiba ya nchi: chama hakiwezi kuwa kigezo cha kuajiri, kupandisha cheo, kuhamisha au kumrudisha kazini mtumishi wa kawaida. Jaji William Brennan aliandika kwamba nyara anazotwaa mshindi ni zile tu ambazo katiba inaziruhusu. Neno nyara alilirithi kutoka kwa William Marcy wa New York, ambaye mwaka 1832 alilitetea katika Seneti ya Marekani bila kuona haya: mshindi na atwae nyara za adui. Jaji Antonin Scalia alipinga hukumu akisema desturi hii ni ya zamani sana na inavipa vyama nguvu ya kusimama. Hoja yake si ya kupuuza. Vyama vinahitaji watu wa kuvitumikia.

Lakini nikiisoma hoja hiyo nakumbuka barabara kuu karibu na Milwaukee, Novemba 1994. Kipande cha chuma kilidondoka kwenye lori, gari la familia ya mchungaji likakipitia, tangi la mafuta likalipuka, watoto sita wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dereva wa lori alipata leseni kwa hongo katika ofisi ya leseni ya Illinois, na kwamba sehemu ya pesa za hongo katika ofisi hizo ilikuwa inaingia kwenye kampeni ya George Ryan, aliyekuwa Katibu wa Jimbo, mkuu wa ofisi hizo za leseni, na baadaye gavana. Wafanyakazi walikuwa wanapewa tiketi za harambee za kampeni waziuze. Ryan alitiwa hatiani mwaka 2006. Wengi wenu mnaonisoma mnaendesha malori au waume zenu wanaendesha. Mnajua mtihani wa leseni upo kwa nini. Karani anapodaiwa kazi yake na chama, anayelipa deni ni mtu aliye barabarani.

Ndugu yako wa kanisani ana ukweli kidogo: mageuzi yanahubiriwa sana Springfield, makao makuu ya jimbo. Rod Blagojevich alishinda uchaguzi wa 2002 akiahidi kusafisha uchafu wa enzi ya Ryan; Januari 2009 Seneti ilimwondoa kwa kura 59 kwa 0, baada ya kukamatwa kwa madai ya kukifanyia biashara kiti cha Seneti ya Marekani alichoacha Barack Obama. Lakini yapo mageuzi yaliyobaki. Mwaka 1917 Gavana Frank Lowden alizikusanya bodi na ofisi zaidi ya 100 zilizotawanyika akazifanya idara tisa. Sheria ya watumishi wa jimbo ya 1955 ndiyo inayokulinda wewe hadi leo kwa kudai sifa na ushindani. Ukitaka kupima mageuzi ya gavana yeyote, tazama saini ya mwisho ya kumwajiri karani iko mezani kwa nani.

Hila nayo ipo, na naieleza kwa sababu ndiyo jibu la kiufundi la swali lako. Nafasi inawekwa nje ya ulinzi wa sheria hiyo kwa maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwenye karatasi. Ukiandika kwamba msaidizi atashiriki kutunga sera, unaweza kumwajiri bila ushindani. Mwaka 2014 inspekta mkuu wa serikali ya jimbo alikuta zaidi ya watu 200 walioajiriwa hivyo katika Idara ya Uchukuzi tangu 2003, chini ya Blagojevich na Pat Quinn, gavana aliyemrithi. Karatasi zilisema sera, na watu walikuwa wanafanya kazi za kawaida za ofisini. Mahakama ikaweka msimamizi wa ajira za jimbo, na usimamizi huo ulikoma mwaka 2022 mahakama ya rufaa iliporidhika kwamba utaratibu umerekebishwa.

Kazi uliyoomba wewe ni kupokea maombi, kukagua vipato na kufuata kanuni zilizokwisha kuandikwa. Humo hamna siasa hata chembe. Gavana hana ruhusa ya kuuliza chama chako, wala mtu wake yeyote.

Sasa usaili. Utakuta watu wawili au zaidi, kila mmoja na karatasi. Watasoma maswali yale yale waliyomsomea aliyetangulia, kwa maneno yale yale, wataandika, watakupa alama. Hawatacheka sana, hawatauliza habari za nyumbani. Nilimwandaa mama mmoja kutoka Uvira ambaye usaili wa kwanza aliutoka akilia, akidhani wamemchukia kwa lafudhi yake. Hawakumchukia. Alitumia dakika kumi kusalimia na kueleza alikotoka, na kwenye karatasi hakukuwa na kisanduku cha salamu. Mara ya pili alipoulizwa amewahi kumtuliza mteja mwenye hasira, alisimulia foleni ya mgao kambini: nani alikuja, alisema nini, yeye alifanya nini, likaishaje. Ukipata swali kama hilo, jibu hivyo, kwa tukio moja hadi mwisho wake.

Barua ya mbunge asiyejua utendaji wako haina alama popote kwenye karatasi ile. Mwombe barua aliyekusimamia kazini, hata kama ni kiwanda cha nyama.

Na mtu akikuuliza ulimpigia nani kura au unashabikia chama gani, mjibu kwa upole kwamba ungependa kuzungumzia kazi. Ukitoka, andika siku hiyo hiyo swali lilivyoulizwa, saa, na jina la aliyeuliza. Malalamiko yanapokelewa na ofisi ya inspekta mkuu wa serikali ya gavana, na kesi ya haki za kikatiba hapa Illinois ina muda wa miaka 2 tangu tukio. Likitokea, niandikie mapema, usingoje mwezi wa ishirini na tatu.