Barua kwa mwanangu: Hattie na kazi ya uyaya

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sisi huku hatujambo, ila mvua zimeanza na paa la jikoni limerudia visa vyake. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Umesema umepewa tena kucheza beki tatu, yaani mfanyakazi wa ndani, kwenye tamthilia, mara ya tatu mfululizo, kisha ukaniuliza: "Mama, huyo Hattie McDaniel uliyekuwa ukinisimulia, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kucheza yaya kwenye sinema, hakuona haya?"

Nitakujibu. Ila kwanza nikukumbushe kwamba kabla ya kazi ya maktaba mimi nilikuwa yaya Upanga, Dar es Salaam, miaka minne, nikilala stoo pamoja na magunia ya mkaa. Ndiyo maana nilipokutana na habari za Hattie, nikipanga vitabu ambavyo hakuna aliyeviazima, nilikaa chini nikasoma mpaka taa zikazimwa.

Hattie, mwigizaji mweusi wa Marekani, alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1893, kitindamimba wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Aliimba, alichekesha, alizunguka na vikundi vya maonyesho. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na kazi za jukwaani zikaenda nalo, maana mtu aliyekosa unga hanunui tiketi. Hattie akaishia Milwaukee, akihudumu kwenye choo cha wanawake katika klabu ya usiku: anagawa taulo, anangoja bakshishi. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja waimbaji walikuwa wameshaondoka, wateja bado wamekaa, akajitolea kuimba. Hakurudi tena chooni.

Mwaka 1931 akaenda Los Angeles. Redioni alipendwa, lakini malipo yalikuwa kiduchu, akawa anaendelea kufanya kazi za ndani kwa watu. Kwa hiyo alipovalishwa aproni mbele ya kamera hakuwa na haja ya kufundishwa.

Usisahau nyakati zenyewe. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Machi mwaka huo studio za sinema zikawakata waigizaji nusu ya mshahara, na miezi michache baadaye waigizaji wakaunda chama chao. Njaa iliwagusa weupe pia. Barbara Stanwyck, nyota mweupe wa sinema, alikuwa yatima wa Brooklyn aliyeanza kwa kucheza dansi kwenye maonyesho. Lakini yeye leo alicheza tapeli, kesho mwandishi wa habari, keshokutwa mke wa tajiri. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Mtazame Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani wa asili ya Kichina, mzaliwa wa Los Angeles. Studio ya MGM ilipotengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, yeye ndiye aliyetazamiwa kuwa mke. Ila mume alishapewa mwigizaji mweupe, na kanuni za sinema za wakati ule zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya rangi mbili tofauti. Nafasi hiyo akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, akapakwa vipodozi afanane na Mchina. Rainer akapata Oscar. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, mlinzi wa maktaba akanichungulia.

Na usidhani aliyeukimbia uyaya alipona. Nina Mae McKinney, mwigizaji mweusi, aling'ara mwaka 1929 katika sinema ya Hallelujah, bado msichana mdogo, MGM wakampa mkataba wa miaka mitano, kisha hawakuwa na la kumpa, kwa sababu mwanamke mweusi mrembo hawakujua wamweke wapi. Akavuka kwenda Ulaya. Mwaka 1935 tunamkuta Uingereza akicheza mke wa Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, katika sinema ya Sanders of the River. Unajua nani alikuwa mmoja wa wale waliosimama nyuma kama watu wa kijijini? Jomo Kenyatta, wakati ule akiishi London. Sinema yenyewe ikatoka ikiusifu utawala wa Waingereza Afrika, na Robeson akaijutia.

Jukwaani palikuwa na nafuu kidogo, tena kwa fedha za serikali. Kuanzia 1935 mradi wa kuwapa wasanii kazi uliwalipa mshahara wa wiki, na Harlem, mtaa wa weusi New York, mwaka 1936, waigizaji wote wakiwa weusi, wakacheza Macbeth ya Shakespeare, hadithi ikahamishiwa kisiwa kama Haiti. Edna Thomas alikuwa malkia. Si mpishi wa malkia. Mwaka 1939 Bunge likaukatia mradi fedha, kwa madai kwamba umejaa ukomunisti. Mbunge mmoja alifikia kumuuliza mkuu wa mradi, Hallie Flanagan, kama Marlowe naye ni mkomunisti. Marlowe, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alikufa mwaka 1593.

Sasa hiyo haya yako. Usiku wa Oscar, Februari 1940, Hattie alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa Gone with the Wind, sinema iliyompa tuzo, katika hoteli iliyokuwa haipokei weusi; hata kuingia ilibidi aombewe. Haya ilikuwa ya nani pale? Kwa fedha za uyaya wa sinema alinunua nyumba kubwa West Adams, mtaa wa Los Angeles. Majirani wakaenda mahakamani wakisema hati za viwanja zinakataza mweusi kuishi mtaa ule. Yeye na wenzake, akiwemo Louise Beavers, naye bingwa wa kuvalishwa aproni, wakasimama kizimbani mwaka 1945 wakashinda.

Lakini waliomlaumu nao nawaelewa. Yule Mammy, yaya aliyemcheza kwenye Gone with the Wind, hana hata jina lake, wala hatuonyeshwi mtoto wake wala ndugu. Kazi yake ni kuwapenda mabwana. Hilo linaniudhi mpaka leo. Mimi Upanga nilikuwa na jina, nilikuwa na mchumba aliyenisubiri gengeni, na kila mwisho wa mwezi bibi yako alipata fedha yake.

Kwenye zile karatasi ulizonitumia, huyo beki tatu wako anaitwa "Dada" basi. Kabla hujasaini, mkabili mwandishi umuulize: anaitwa nani, kwao wapi, mshahara wake anamtumia nani? Akikujibu, cheza. Akicheka, njoo tuzungumze. Na jambo lingine: kitambaa cha kupigia deki usikishike kwa vidole viwili kama ulivyofanya kwenye ile sehemu ya pili ya tamthilia. Jirani alinitazama, nikajifanya natafuta miwani.

Wako,
Mama