Kiungo wa kulipwa angekimbia mita 800 kwa muda gani?

Kuhusu swali la iwapo mwanasoka wa kulipwa angeweza kutamba katika mbio za masafa ya kati, jibu langu ni kwamba angewashinda watu wengi wa kawaida, lakini mabingwa wangemwacha mbali. Mkenya David Rudisha, bingwa wa Olimpiki, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012. Kwa makadirio yangu, kiungo mwenye pumzi, asiye na mazoezi maalumu ya riadha, angemaliza umbali huo kwa dakika 2 na sekunde kadhaa, na mita 1500 kwa dakika 4 na nusu hivi.

Ni kweli kwamba kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja, ila sehemu kubwa ya umbali huo ni kutembea na kukimbia polepole, katikati yake zikiwemo mbio fupi za sekunde chache ambazo baada yake hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Katika mita 800 nafasi hiyo haipo kabisa: kuanzia katikati ya mzunguko wa pili miguu huwa mizito, mabega hukakamaa na hatua hufupika, na hapo ndipo mwanariadha aliyezoea hali hiyo humpita asiyeizoea.

Akipewa msimu mzima chini ya kocha wa riadha, naamini beki wa pembeni, anayeunganisha kasi na pumzi, angeshuka chini ya dakika 2.