Muulize Bibi Mkunga: Kujifungua ni bure, mbona tumelipa?

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Dada yangu amejifungua mwezi uliopita huku kwetu mkoani Lindi. Uchungu ulimkalia muda mrefu, zahanati ikampa rufaa usiku. Gari la kukodi lilikuwa sh 90,000. Hatukuwa nazo, tukauza kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini, korosho ambazo bado ziko mtini. Tulipofika hospitali tukaambiwa tukanunue glavu na dripu duka la nje. Mama na mtoto wazima, tunamshukuru Mungu. Sasa mume wa dada mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, anasema tuache kulalamika: kujifungua ni bure kwa tajiri na maskini, na huo ndio usawa. Nimekosa la kumjibu.
— Mjomba mpya, Lindi

JIBU: Marahaba, mjomba, na hongera ya mtoto.

Shemeji yako hasemi uongo. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano waliwekwa kwenye msamaha. Msamaha huo nautetea mpaka leo. Ila muulize: mkewe akishikwa na uchungu pale Dar, anafikaje hospitali? Anaita bajaji, basi. Ninyi mmelipa gari, glavu, dripu, na korosho zimekwenda kwa bei ya kutupa. Hizo korosho ndizo zinazonikera, maana hakuna risiti itakayozionyesha, na msimu ukifika mtavuna deni.

Kumpa kila mtu kitu kilekile ni jambo moja. Kuhakikisha kila mtu anafika kwenye afya ni jambo jingine, na hilo ndilo wataalamu wanaliita usawa wa haki katika afya: anayeishi mbali na asiye na kitu aongezewe, mpaka umbali na umaskini visiwe sababu ya kufa. Tofauti zitakuwepo siku zote; mzee huumwa kuliko kijana. Tunayoilalamikia ni ile inayozuilika, halafu ikaachwa.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walivipanga vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza uko nyumbani: “tumngoje baba mtu arudi.” Wa pili uko njiani, huo mmeuona. Wa tatu uko ndani ya hospitali, mgonjwa ameshafika lakini huduma bado. Nimezalisha miaka mingi, na huo wa tatu ndio ulionitoa machozi kuliko yote. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kungoja ndugu azunguke na tochi ya simu kutafuta duka lililo wazi. Neno “bure” likiishia getini halimsaidii.

Shemeji akikuletea takwimu, zisome naye pole pole. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni hatua kubwa mno, wala sitaki mtu aibeze. Lakini huo ni wastani wa nchi nzima, mna Masaki ya matajiri wa Dar na mna kijiji chenu humo humo.

Sasa la kufanya. Kuna mpango wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama, namba yake ni 115 na kupiga hulipii. Wanaopokea wanatafuta ambulansi. Ikikosekana wanamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye analipwa na mpango, si na familia. Nenda zahanati ukaulize kwa adabu: usiku ule 115 ilipigwa? Kama haikupigwa, kwa nini? Na kama hapo kijijini hakuna dereva aliyesajiliwa, yule wa sh 90,000 ashawishiwe ajiandikishe. Suala la glavu lipeleke kwenye kamati ya usimamizi ya kituo. Humo wamo wawakilishi wa wananchi, na mara nyingi hawaambiwi kitu mpaka waulizwe.

SWALI: Nasomea uuguzi hapa Nakuru. Mbona kila tukifundishwa afya ya dunia na ukosefu wa usawa, mifano yote inatoka Afrika? Kwani Wazungu hawaugui?
— Mwanafunzi

JIBU: Wanaugua, tena kwa mafungu. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani, chini ya Michael Marmot, ilionyesha kwamba mtoto wa kiume wa Calton, mtaa wa maskini wa Glasgow huko Scotland, angetarajiwa kuishi miaka 28 pungufu ya yule wa Lenzie, kwa wenye nazo, hapo jirani. Nao wana matibabu ya bure! Hata kabla ya hapo, mwaka 1971, Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kuwa huduma nzuri huelekea kupungua pale penye wahitaji wengi. Alikuwa akieleza Uingereza.

Mwalimu akileta mfano wa Turkana ya huko kwenu Kenya tena, mwambie akuongezee na Calton.