Baiskeli ya Milimani Inapohamia Kwenye Lami: Maswali na Majibu

Swali: Baiskeli yangu ya milimani sasa inatembea kwenye lami tu, na ninaiona nzito mno. Nianze kubadilisha nini?

Anza na matairi, na usinunue kitu kingine chochote kabla hujayaendesha kwa wiki mbili. Bonyeza kashata moja (kinundu cha mpira) ya tairi ulilonalo kwa kidole gumba, nawe utaiona ikilala upande kisha ikirudi mahali pake. Kila kashata hufanya hivyo inapokanyaga lami, na nguvu inayopotea katika kujikunja huko ndiyo iliyotoka miguuni mwako. Mvumo unaousikia unatokana na kashata hizo hizo. Kwenye udongo laini huzama na kushika, lakini lami haizamiki, kwa hiyo kinachogusa barabara ni vichwa vyake tu, ambavyo vinaweza kukunjika na kukutelezesha unapokata kona kwa kasi.

Tafuta tairi lenye uso laini, lenye upana wa kati ya inchi 1.5 na 2. Wengi huliogopa wakati wa mvua kwa kulifananisha na tairi kipara la gari, lakini hofu hiyo haina msingi, kwa sababu tairi la baiskeli ni jembamba, lina mviringo, na huyasukuma maji pembeni bila kuhitaji mifereji.

Swali: Nitajuaje kama tairi jipya litaingia kwenye rimu yangu, na nilijaze upepo kiasi gani?

Soma ubavuni mwa tairi la sasa, ambako utakuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, nayo unaweza kuibadilisha. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo lazima ilingane kabisa. Namba 559 ndiyo inayoitwa inchi 26, 584 ni inchi 27.5, na 622 ni inchi 29. Tyubu nayo ichaguliwe kwa kufuata upana mpya.

Kuhusu upepo, mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 1.5 anaweza kuanzia PSI 50 (kipimo cha shinikizo la upepo kinachosomwa kwenye pampu), akapunguza kidogo kwa gurudumu la mbele, asivuke kamwe kikomo kilichoandikwa kwenye tairi au rimu. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka kwenye lami iliyokwaruzika na kukuchosha mikono bila kukuongezea mwendo.

Swali: Foku yangu (uma unaoshika gurudumu la mbele) ina springi. Niiondoe niweke isiyo na springi?

Kama ina swichi ya kuifunga, ifunge, na jambo limekwisha. Kama haina, funga uzi kwenye bomba jembamba la foku, juu tu ya sehemu linapoingilia, kisha panda mlima mfupi ukiwa umesimama kwenye pedali. Uzi ukisukumwa juu sentimita kadhaa, kuna nguvu inayoishia kwenye springi. Hata hivyo, ukiamua kuibadilisha, pima kwanza urefu kutoka kwenye ekseli hadi kiti cha foku, yaani pale foku inapokutana na fremu, kwa kuwa foku fupi mno hushusha sehemu ya mbele, hufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi na husogeza pedali karibu na ardhi.

Swali: Nikiteremka, miguu inazunguka bure. Je, tatizo ni gia?

Ndiyo, lakini fanya hesabu kwanza. Sproketi ya mbele yenye meno 32 na ya nyuma yenye meno 11, kwenye gurudumu la inchi 29 na mizunguko 90 ya pedali kwa dakika, hukupa takriban kilomita 35 kwa saa. Ukiweka ya mbele yenye meno 36 utafika karibu 39. Hakikisha tu haigusi bomba la fremu, na kwamba cheni bado inatosha. Kama kasi hizo unazipata kwenye miteremko pekee, mimi nisingegusa gia.

Swali: Je, niweke usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano?

Ninashauri usifanye hivyo. Fremu ya milimani tayari ni ndefu kutoka kitini hadi kwenye usukani, na usukani uliopinda utaisogeza mikono mbele zaidi. Isitoshe, mikono mingi ya breki za aina hiyo haivuti waya kwa urefu unaohitajiwa na breki za baiskeli za milimani, na kama breki zako ni za mafuta, mabadiliko yanakuwa makubwa zaidi.

Ni afadhali kuupunguza usukani ulionao sentimita 2 kila upande na kuongeza pembe fupi za kushikia mwishoni. Kabla ya kukata, sogeza mipira ya kushikia na mikono ya breki kuelekea ndani, uendeshe hivyo siku chache, kwa kuwa mabega yako ndiyo yatakayokuonyesha alama ya kukatia.