Mmeuliza, Tunajibu: Dar kuna cha kuona zaidi ya maduka na bichi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nipo Ligula hapa Mtwara, wiki ijayo nampeleka shangazi Muhimbili, kliniki ni siku moja ila tutakaa kwa ndugu siku nne. Sitaki kushinda Kariakoo nimalize hela, na kila ninaemuuliza ananiambia nenda Coco Beach, jamani mi bahari naiona kila siku hapa Shangani. Napenda mambo ya kale, yale ambayo watu wanayapita tu bila kujua. Nianzie wapi?
Msomaji, Ligula

JIBU: Marahaba mwanangu, shangazi tunamuombea. Na kweli, mtu wa Mtwara kupanda basi usiku kucha kwenda kuangalia maji ya chumvi, hapana.

Anza na Sanamu ya Askari pale Posta, Samora inapokutana na Azikiwe. Najua utasema hiyo si kila mtu anaijua, wanaijua ndio, kama sehemu ya kuelekezana "nishukie Askari", lakini ulizia nani amewahi kuvuka barabara akasoma yale maandishi ya chini. Iliwekwa 1927, maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, ya Kiingereza alitunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na humo hawatajwi askari peke yao, wapagazi nao wametajwa, kwamba ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Hapo sisi watu wa kusini lazima tusimame kidogo maana vita ile, Vita ya Kwanza ya Dunia, ililetwa mpaka uani kwetu, Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, hiyo hiyo unayoipita ukienda Masasi kwa njia ya Mtama, mwezi uliofuata Mjerumani akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na risasi na chakula cha jeshi kilikuwa kinapanda vichwani mwa watu na wengi wao hawakurudi makwao. Kabla ya huyo askari wa shaba Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha miaka ya 1960. Haikupata raha popote.

Ukitoka hapo shuka kwa miguu mpaka Sokoine Drive, usipande kitu, si mbali. Kanisa la Mtakatifu Yosefu utaliona tu, wote wanapiga picha pale, we tafuta Atiman House hapo jirani. Ni nyumba ya miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, baadae ikawa ya mapadri wa shirika la White Fathers, na jina imepewa la Adrien Atiman, mtoto aliyeibwa huko karibu na Timbuktu akauzwa utumwani, mapadri wakamnunua Algeria wakamwachia huru, akasoma udaktari Malta, halafu akaja Karema kule Ziwa Tanganyika akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Miaka zaidi ya sitini anatibu! Mimi nimepita pale mara ngapi sijui nikidhani ni ofisi ya mtu. Boma la Kale nalo liko barabara hiyo hiyo, limejengwa kwa mawe ya matumbawe kama nyumba zetu za Mikindani, uangalie mlango.

Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert watakukimbiza kwenye fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai 1959, sawa liangalie, ila we omba uonyeshwe vitu vya Kilwa. Vyombo vya China vilivyochimbwa hapo kwetu Kilwa vipo Dar na watu wa Kilwa wenyewe wengi hawajaviona. Kilwa ilikuwa inagonga sarafu zake yenyewe, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zilifikaje huko wataalamu wanabishana mpaka leo.

Siku ikibaki nenda magofu ya Kunduchi, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo yaliyopambwa sahani za Kichina. Nenda na mwenzio, pametulia mno pale.

SWALI: Mhariri, babu yangu alikuwa anasema mifupa ya mijusi mikubwa ilibebwa toka Lindi kwenda Ulaya. Mdogo wangu anasoma Ujerumani, nimemwambia akabisha. Nani kasema kweli?
Msomaji, Mtanda, Lindi

JIBU: Babu. Mwambie mdogo wako siku akifika Berlin aingie makumbusho ya Museum für Naturkunde, atamkuta dinosaria, ndio huyo mjusi wa babu, kasimama ukumbini, urefu kwenda juu ni mita 13 na zaidi, katoka kilima cha Tendaguru, kilomita kama 60 toka Lindi mjini. Walichimba 1909 mpaka 1913, na mifupa ilishushwa bandarini Lindi kichwani, siku kadhaa za kutembea, wapagazi tena. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Akishafika apige picha ya yule mrefu akutumie, na soda ya babu ailipe yeye.