Maswali ya Wasomaji: Mianzi ya Msituni Hukadiriwaje?

SWALI: Kikundi chetu cha kutunza msitu kiko kando ya milima ya Aberdare. Tunatakiwa kukadiria mianzi iliyomo kabla ya kuandika mpango wa matumizi. Tuanzie wapi?
Msomaji, Nyandarua

JIBU: Anzeni na eneo. Mianzi ya milimani huota mabaka mabaka, mengine yakichanganyika na miti ya podo, na baka zima huweza kukauka baada ya kutoa maua. Zungukeni kila baka na GPS, mtenge mianzi mitupu, mianzi yenye miti na iliyokauka, kila kundi na hesabu yake. Kosa kubwa kuliko yote huzaliwa hapa: wastani wa baka lililosongamana kuzidishwa kwa hekta zote za msitu.

Kisha pimeni viwanja vya sampuli, yaani vipande vidogo vya kuhesabia mianzi. Viwe vya mita 10 kwa 10, kwa umbali sawa, kwenye mistari iliyochorwa ramanini kabla hamjaingia msituni. Msivutwe na mahali panapopitika. Kando ya njia mianzi mingi imekatwa au kuvunjwa na tembo. Mteremkoni, utepe wa kupimia ushikwe mlalo, usifuate mwinamo. Ukilazwa kufuata ardhi yenye mwinamo wa nyuzi 30, mita 10 zenu lazima zisomeke 11.55.

Kila mwanzi uliohesabiwa upigwe chaki, la sivyo mtaurudia. Wa mpakani uingie ikiwa zaidi ya nusu ya kitako chake iko ndani. Wa mwaka wa kwanza bado una maganda. Wa mwaka wa pili au wa tatu ni kijani, maganda yamedondoka. Uliozidi hapo umeota kuvumwani (mabaka ya ukungu na mwani juu ya gamba) na rangi imefifia. Mikavu iandikwe kando, na machipukizi kando, kwani mengi hufa kabla ya kukomaa. Kipenyo kipimwe kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, mita 1.3 kutoka ardhini. Kipimo kikiangukia fundo, sogeeni hadi katikati ya pingili.

Wastani wa mianzi hai 120 kwa kiwanja ni 12,000 kwa hekta.

SWALI: Viwanja vingapi vinatosha?

JIBU: Pimeni 10 vya majaribio. Gawanyeni mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi idadi za viwanja zinavyoachana na wastani) kwa wastani, mzidishe kwa 100, mpate asilimia ya utofauti. Izidisheni kwa 2, mgawanye kwa asilimia ya kosa mnalolikubali, kisha jibu mlizidishe kwa lenyewe. Utofauti wa asilimia 50 na kosa la asilimia 20 hutoa viwanja 25. Mkitaka kosa la asilimia 10, ni viwanja 100.

SWALI: Na uzito?

JIBU: Ombeni kwanza kibali cha Kenya Forest Service, kisha mkate michache ya kila umri na kila unene. Pimeni shina, matawi na majani, kila kimoja peke yake. Vipande vya sampuli vikaushwe kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena. Msitumie uzito mbichi: mwanzi mchanga umejaa maji.