Meza ya Kubadilishia Nepi Iwekwe Wapi?

SWALI: Tunatayarisha chumba cha kulelea watoto wachanga. Meza ya kubadilishia nepi tunaweza kuiweka dirishani, penye mwanga na hewa lakini pasipo maji, au kando ya sinki la kuoshea vyombo. Ipi ni bora? Je, mtoto afungwe mkanda asianguke?

JIBU: Ndugu mlezi, chagua dirishani, kwa sharti kwamba mvute maji hadi hapo, kwa sababu mikono iliyotoka kwenye nepi haipaswi kamwe kuoshewa kwenye sinki la vyombo. Virusi vya rota, virusi vya homa ya ini aina ya A na bakteria wa kuhara damu hutoka kinyesini na kuingia mdomoni, na sinki hilo huwafupishia safari.

Sinki la mikono liwe karibu kiasi cha kufikiwa bila kupiga hatua. Litazameni hata bomba lenyewe: mkono mchafu ndio unaolifungua, kisha mkono uliokwisha kutakata hulifunga na kuokota uchafu uleule. Kama hamna bomba la kufunguliwa kwa kiwiko au kwa mguu, mlezi alifunge kwa karatasi aliyojifutia. Pipa la taka nalo liwe na kifuniko cha kukanyaga.

Meza iwe ya kimo cha kiuno, yenye kingo zilizoinuka kama sentimita 15 na godoro lisilofyonza maji. Godoro likichanika, hata mpasuko wa urefu wa ukucha, libadilishwe, maana hakuna dawa itakayosafisha sponji iliyo ndani.

Mkanda siushauri. Hupakwa kinyesi, ni mgumu kusafisha kila baada ya mtoto, na kibaya zaidi humpa mlezi imani ya kugeuka, ilhali mtoto wa miezi minne aweza kujipindua ghafla. Mkono mmoja usibanduke kwa mtoto, na kila kinachohitajika kitayarishwe kabla hajalazwa.

Baada ya kila mtoto, meza ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo ipakwe dawa ya klorini, kwa kuwa mabaki ya kinyesi huipunguza nguvu. Dawa iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, nayo chupa ihifadhiwe mbali na watoto.

Mikono ya mtoto pia ioshwe, kwani aghalabu huwa ameshajishika kabla hujamvika nepi safi.